Neno Lililofungua Geti

Mimi siitwi mama. Kijana wa bodaboda akiniambia, "Mathe, panda twende," namjibu mathe yake yuko nyumbani anamfulia soksi, mimi aniite Nyambura ama aniache nitembee kwa miguu. Wengine wanacheka, wengine wananiona mzee mwenye kichwa kibovu. Wajukuu wangu ni sita, na nasema sita nikiwa nimesimama wima, kwa sababu wote wanasoma na hakuna hata mmoja amewahi kulala njaa kwangu. Hao wananiita cucu. Njeri, binti yangu niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, ananiita Nyambura kama vile tulikaa dawati moja shuleni. Majirani wa plot wanasema binti yangu hana adabu. Hawajui kwamba ni mimi niliyemfundisha hivyo, na siku aliposahau nikamchapa. Zamani nilikuwa naitwa Mama Njeri kama mwanamke mwingine yeyote wa Nakuru aliyezaa, na nilikuwa naitika kwa nguvu ili hata jirani wa nyumba ya tatu asikie. Halafu ukaja ule mwaka, na nikalitema lile neno kama mtu anavyotema kijiwe kilichokuwa kwenye wali.

Naandika haya kwa sababu Bi Rukia amekufa, na kwa sababu ya mwanamke niliyemkuta kwenye hitima yake. Nilienda mtaa wa Bondeni asubuhi, nikavua viatu mlangoni, nikaketi kwenye mkeka katika chumba kilekile nilichokuwa nikikipiga deki miaka thelathini na kitu iliyopita. Kuta zilikuwa za kijani wakati ule, siku hizi zimepakwa rangi ya waridi kama keki. Dirisha la jikoni ni lilelile, na mwanya ule chini ya mlango, tuliouziba kwa gunia ili panya wasiingie, bado upo. Wakaleta pilau kwenye masinia. Kila mwanamke aliyezungumza alisema marehemu alikuwa mama. Mama wa mtaa. Mama wa wasichana wa Nakuru nzima. Mama wa wasio na mama. Mimi nilitafuna kimya, maana nilijua Bi Rukia angesikia angewapiga na kijiti cha ubani. Ndipo nikamwona mwanamke wa umri wa miaka arobaini na kitu hivi, mwembamba, kitambaa cha kichwani kimevutwa mbele mpaka kwenye nyusi. Alipewa andazi. Akalikata katikati, nusu akala, nusu akaificha chini ya ukingo wa sahani. Mkono wangu ulisimama hewani na wali ndani yake. Duniani nimewahi kumwona mtu mmoja tu anayekula hivyo. Alikuwa Chebet, na nilimjua kabla hajainua uso.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, na shule niliachia darasa la tano. Bi Rukia alikuwa mkunga aliyestaafu, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani zikamea Bondeni, na alikuwa anatafuta mpishi. Sio mpishi wa hoteli. Nyumba yake alikuwa ameijaza wasichana waliotolewa kwenye mabaa na lojingi za barabara kuu, na kwenye majumba ambako waliahidiwa kazi ya kuosha vyombo wakapewa kazi nyingine na mlango ukafungwa kwa nje. Waliletwa na manesi, na mhubiri mmoja, na askari mmoja wa kike aliyekuwa akiwapitisha kama anayeiba kuku. Walikuwa tisa, wiki nyingine kumi na tatu. Mtaa uliwaita malaya bila kushusha sauti. Wanawake wa kanisa moja walituletea msaada, mfuko mzima wa nguo za ndani kuukuu, lastiki zimekufa, wakasimama pale wakingoja tuwashukuru. Bi Rukia aliwashukuru kwa Kiswahili chake kilichonyooka, wakaenda zao wamefurahi, akazitia zote kwenye jiko la makaa na tukapikia maharagwe.

Siku ile aliyoniandika aliniuliza jambo moja tu. "Wewe Nyambura, unajua kunyamaza?"

"Mimi siongei, Bi Rukia. Watu hata huniuliza kama ni bubu."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika nyumba ile. Mimi huongea hata na sufuria. Lakini nilitaka kazi, na nilitaka ufunguo wa geti. Geti lilikuwa la mabati ya bluu, na lilikuwa na kitundu cha kuchungulia kilichofunikwa na kipande cha raba ya tairi. Ufunguo wa kufuli ulikaa shingoni mwa mpishi, kwa sababu mpishi ndiye yuko nyumbani saa zote. Sheria ya geti nilifundishwa kabla hata sijaonyeshwa unga ulipo. Mtu yeyote akija kumtaka msichana, awe baba, awe mchungaji, awe askari na kofia yake, anabaki nje. Msichana anapelekwa jikoni, mlango unafungwa, anachungulia dirishani ambapo pazia linamficha, na anaulizwa akiwa peke yake: huyu ni nani kwako? Akisema simjui, au akinyamaza, au akilia, geti halifunguliwi. "Hata akija kadhi," Bi Rukia alisema. "Hata nikija mimi nimeshikwa mkono na mtu."

Ilikuwa sheria nzuri. Niliifuata yote, neno kwa neno.

Chebet aliletwa mwezi wa tisa. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtu wa Keringet, huko juu kwenye mashamba ya viazi, na jirani yao alikuwa amemwambia kuna hoteli Salgaa, pale malori yanapolala, inatafuta msichana wa kuhudumia madereva chakula. Nesi wa zahanati moja ya barabarani alimtoa kwa mlango wa nyuma akiwa amemvisha aproni ya mfagiaji na kumpa ndoo ya takataka aibebe. Alifika na ndoo bado mkononi. Wiki tatu hakusema neno. Alikuja akakaa kwenye kibao jikoni mwangu, akachukua kisu bila kuombwa, akaanza kumenya viazi. Alimenya maganda membamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Mimi nikaongea kwa niaba ya wawili. Nikamwambia habari za Njeri wangu aliyekuwa na miaka minne, na za soko, na za bei ya mkaa, na za mwanamume aliyeniacha, ambaye hapa sitamwandika kwa sababu hastahili wino. Siku moja nikiwa katikati ya hadithi akashika kiazi akakigeuza na kusema, "Hii imetoka bonde. Ina maji mingi. Ya juu haikuangi hivi." Nilikaribia kuangusha sufuria.

Baada ya hapo aliongea, lakini habari za viazi tu, na za ng'ombe wao aliyekuwa na pembe moja. Alikula nusu ya kila kitu. Ukimpa chapati anaikata, nusu anaiweka chini ya ukingo wa sahani, ya baadaye. Akoth, aliyekuwa mkubwa wao na mdomo wake haukuwa na breki, alimtania wakifua nguo uani. "Chebet, hiyo nusu unawekea bwana?"

"Nawekea Chebet wa jioni."

"Na Chebet wa kesho je?"

"Huyo atajijua."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka dirishani huku nikikoroga ugali. Naikumbuka ile sauti kuliko nyimbo zote za kanisa. Walikuwa watoto. Mtaa ulikuwa unapita nje ya geti ukitema mate, na ndani palikuwa na watoto wanaogombania sabuni ya kipande.

Jambo lililoniharibu lilikuwa usingizi wake. Alikuwa anatumia dawa za kliniki zinazoleta usingizi, na baada ya chakula cha mchana alikuwa analala kwenye gunia karibu na jiko, pale penye joto. Na usingizini alikuwa anasema, "Mama, nimeamka. Nimeamka, Mama." Tena na tena, kwa sauti ndogo, na miguu inasukuma kama anayetaka kusimama. Mimi nikitengeneza maharagwe, machozi yananidondoka. Nikaona mtoto wa shamba, saa kumi na moja asubuhi, mama yake anamwamsha akakamue ng'ombe wa pembe moja. Nikaona anavyomtamani. Mimi ni mzazi, nikajiambia, hii sauti naijua. Nikamwendea Bi Rukia.

"Huyu mtoto anakufa na mama yake moyoni. Tutume mtu Keringet."

"Kwao ndiko alikotolewa, Mama Njeri. Na aliyemtoa ni jirani. Ngoja kwanza nijue mlango upi ni mlango."

"Utangoja mpaka lini?"

"Mpaka nijue."

Nilinuna siku mbili. Nilimwona Bi Rukia ni mtu wa sheria, hakuwa amezaa, angejuaje? Hayo niliyafikiri, na nayaandika hapa ili mtu asije akadhani mimi nilikuwa mwanamke mzuri aliyekosea kwa bahati mbaya. Nilikuwa na kiburi. Nilijiona namjua mama kuliko yeye kwa sababu mimi nilikuwa na mtoto na yeye alikuwa na kijitabu tu cha majina ya wasichana.

Basi nikaenda sokoni. Viazi vyetu nilivinunua kwa Karis, mwanamume mnene aliyekuwa akiita kila mwanamke bibi yake, na viazi vyake vilishuka na lori kutoka Keringet.

"Bibi yangu ya Bondeni! Leo umekuja na sura ya kudai talaka."

"Nyamaza usikie. Dereva wako anajua watu wa huko juu?"

"Anajua mpaka mbuzi zao."

"Mwambie atafute mama ya msichana anaitwa Chebet. Amwambie mtoto ako salama, ako Bondeni kwa Bi Rukia, geti ya bluu. Aje amchukue."

"Chebet ni wengi kama mchanga."

"Huyu alikuwa Salgaa. Atamjua." Hilo ndilo nililoongeza. Hakuna aliyeniuliza.

Karis akamwambia dereva. Dereva, kama madereva wote wa njia ile, alisimama Salgaa kula. Na kule Salgaa, alipouliza kama kuna mtu anamjua mama ya Chebet, wakamwambia, kwani wewe ni mgeni? Mama si ndiye yule pale. Kila mtu pale alimjua Mama. Alikuwa na lojingi nyuma ya gereji, na wasichana wote waliokuwa ndani yake walikuwa wa Mama. Dereva akampa ujumbe wangu mzima, pamoja na rangi ya geti. Hayo tuliyajua baadaye.

Alikuja siku ya tisa tangu nitume ujumbe, saa nne asubuhi. Bi Rukia alikuwa amempeleka Akoth kliniki. Nilifunua raba ya kitundu nikaona mwanamke wa makamo, sketi ndefu, sweta, kitambaa cheupe kichwani kama cha kina mama wa kanisa, na mkononi kiboksi cha viatu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ni mama ya Chebet," akasema. "Nimeletewa habari kwamba mtoto yangu ako hapa. Kama ako, Mungu awabariki. Kama hayuko, niambieni tu nirudi." Akafuta pua na kitambaa. Moyo wangu uliruka kama maziwa yanayochemka.

Sikufungua. Nilifuata sheria. Nilimwacha nje, nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikamshika Chebet mabega na kumweka nyuma ya pazia. "Angalia pale getini," nikasema, maana jikoni palikuwa juu kuliko uani na kichwa cha yule mwanamke kilionekana juu ya mabati. "Huyu ni mama yako?"

Aliangalia. Akanyooka. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye gauni, akalipapasa gauni likalala vizuri, akainua kidevu. "Ndio," akasema. "Ni Mama."

Hakulia, hakunyamaza, hakusema simjui. Nilimuuliza na akanijibu ukweli mtupu, na ufunguo ukatoka shingoni mwangu.

Na sikumfungulia tu, hapana. Nilimkaribisha. Nilimpa kiti cha Bi Rukia. Nilimpa chai ya maziwa yenye tangawizi, na chapati tatu nilizokuwa nimemwekea Bi Rukia, na akanisifu chapati zangu. Aliniita Mama Njeri, maana nilikuwa nimejitambulisha hivyo, akasema wanawake kama mimi wamebaki wachache. Nilivimba. Chebet alikaa ukingoni mwa kibao, mikono mapajani. Yule mwanamke hakumkumbatia. Alimsimamisha, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akasema, "Ameongeza mwili. Mmemlisha vizuri." Niliwahi kuona watu wakigeuza ndama hivyo mnadani, na hata hivyo nikajibu, "Tumejaribu, mama." Akafungua kiboksi akamvisha viatu vyeusi vipya. Visigino vilibaki nje kwa kidole kizima. Nikaona, kwa macho yangu haya mawili, na nikajiambia watoto hukua haraka. Mzazi gani hajui mguu wa mtoto wake? Lakini mimi nilikuwa najua mama ni nini, sikuwa na haja ya kuuliza miguu.

Nilimpa Chebet chapati. Akaikata. Nusu akala, ile nusu nyingine akaitazama, halafu akaisukuma kwangu kwenye meza. Nikadhani ni asante. Niliila nikiwa nimesimama getini nawapungia mkono, na yeye hakugeuka, alikuwa anatembea kwa vidole vya mbele kwa sababu ya vile viatu.

Bi Rukia alirudi saa saba. Nilimngoja uani kama mtu aliyepasi mtihani. "Mama ya Chebet amekuja!" nikasema. "Nilifanya vile ulinifundisha. Nilimuuliza, akasema ndio, ni Mama."

Akoth aliweka mfuko wa dawa chini polepole. "Alisema mama yangu, ama alisema Mama?"

"Tofauti ni gani?"

"Mama Njeri. Mama yupi? Wa kumzaa, ama wa kazi?"

"Mama ni mama!"

"Kule hakuna mtu anaitwa boss," Akoth akasema. "Yule mwenye kushika ufunguo, huyo tunaitanga Mama. Ukisahau, unachapwa. Akipiga mlango, unasema nimeamka, Mama. Hata ukiwa umekufa unasema."

Bi Rukia alikaa chini palepale kwenye sakafu ya uani, na buibui lake likaingia kwenye maji ya sabuni. "Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano mtoto analala jikoni mwangu akisema hivyo, na mimi mkunga, na mimi nilikuwa nasikia." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Nilikuwa tayari kwa makofi.

Tulikwenda polisi. Afisa aliyekuwa mezani alikuwa akila mahindi ya kuchoma. "Nani amemchukua?"

"Mwanamke anayejiita mama yake."

"Na mtoto alisema nini?"

"Alisema ni Mama," nikasema mimi, mjinga, mkweli.

Akaangalia mwenzake wakacheka. "Mtoto amechukuliwa na mama. Mnataka nimshike kwa kosa gani? La kuzaa?" Akakung'uta punje za mahindi kwenye daftari la ripoti, akalifunga. Yule askari wetu wa kike alijaribu kwa njia yake, akafika mpaka Salgaa na nguo za kawaida. Lojingi ilikuwa imefungwa. Watu wa gereji walisema Mama amehamia upande wa mpakani, hawajui wapi. Walisema kama mtu anayezungumzia duka lililohama.

Na haikuishia hapo. Wiki tatu baadaye, kabla ya mvua za masika, niligongewa geti. Nilifunua raba. Alikuwa mwanamke mfupi aliyekauka, amebeba nusu gunia mgongoni, kamba ya gunia imemkata paji la uso. Viatu alikuwa ameshika mkononi asiviharibu. Chini ya kwapa alikuwa na sweta jipya la manjano, la kufumwa kwa mkono, mikono yake mirefu kama ya mtu mzima. "Nimetoka Keringet," akasema. "Dereva wa viazi aliambia watu kanisani kuna mtoto ya Keringet ako kwa geti ya bluu. Mimi ndio mama ya Chebet."

Ujumbe wangu ulikuwa umefika. Mzunguko ulikuwa mrefu, ndio hivyo tu.

Bi Rukia alitaka kumweleza yeye. Nikakataa. Hilo ndilo jambo pekee la mwaka ule ninaloweza kulisema bila kutazama chini. Nilimkalisha kwenye kiti kilekile na nikamweleza mimi mwenyewe, yote, hata chapati. Alisikiliza akikunja sweta, akilikunjua, akilikunja. Nilipomaliza aliuliza swali moja. "Huyo mwanamke alikuwa anafanana na mimi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo alilotaka kujua. Hakunywa chai. Alisimama, akachukua sweta lake, akaacha gunia pale mlangoni. Bi Rukia akamwambia, "Dada, chukua mzigo wako." Akasema, "Kuleni tu. Mgongo hauwezi kuvirudisha." Nilimfungulia geti. Ndani ya gunia vilikuwa viazi vyekundu vidogovidogo, kama mayai ya kuku, vingi vimeanza kutoa macho. Mimi ni mtoto wa mjini, viazi navijua kuanzia kwenye karai. Nikavinyofoa macho, nikavipika. Wasichana walikuwa kumi na mmoja wiki ile na unga ulikuwa umekwisha.

Tangu siku ile neno mama lilifukuzwa katika nyumba ya Bi Rukia. Hakuna aliyeitwa mama pale, si mimi, si mgeni, si mfadhili. Na swali la jikoni lilibadilishwa. Hatukuuliza tena huyu ni nani. Tuliuliza, "Aliyekuzaa anaitwa nani? Ana kovu wapi? Alikuimbia nini?" Wasichana wakazoea kusema aliyenizaa. Aliyenizaa anapenda chumvi. Aliyenizaa yuko Busia. Walikuja watu na kamera baadaye, wakapenda sana ule utaratibu, wakapiga picha ya geti na ya kitundu, wakaniuliza nani aliuvumbua. Niliwaambia umevumbuliwa na mpishi. Wakaandika.

Basi, kwenye hitima, nilibeba sahani yangu nikaenda kuketi karibu na Chebet. Wenzetu walikuwa wanamsomea marehemu dua. Hakunitazama.

"Nilisikia kwa redio," akasema. "Mimi niko Longonot, nauza chai karibu na reli. Nikasema niende nione kama na wewe umekufa."

"Bado."

"Naona."

Nikamwambia nimemtafuta. Akasema ndiyo, labda. Nikamwambia sikujua. Nikamweleza ya ndoto na ya Karis na ya neno, na alikuwa akisikiliza huku akibonyeza ile nusu ya andazi kwa kidole mpaka ikawa bapa.

"Ulimpa chai," akasema mwisho. "Ulimpa chapati za Bi Rukia. Mlicheka. Nikajua mmeelewana. Miaka hii yote nimejua wewe uliniuza, Nyambura. Nilikuwa najua wa kuchukia. Sasa unanichukulia hata hiyo?"

Nikauliza kama alirudi Keringet.

"Kwa nani? Nilikaa hapa miezi mitano, hakuna mtu alikuja kuniuliza. Mwenye alikuja ni yule. Aliyenizaa alipokufa mtu wa kwetu aliniambia, nikiwa Eldoret. Sikuenda kuzika. Nikasema hata yeye hakunitafuta."

Nilijua nikifungua mdomo nitamvunja, na nikinyamaza nitakuwa nimefunga geti mara ya pili, upande usiofaa. "Aliyekuzaa alikuja," nikasema.

Ndipo akanitazama. Macho yaleyale.

"Alikuja wiki tatu baada ya wewe kuondoka. Na sweta la manjano. Mikono mirefu."

Wanawake walisema amina, wakaanza tena. "Alibeba nini kingine?" Chebet akauliza.

"Viazi. Nusu gunia."

"Vikubwa?"

"Vidogo. Vyekundu. Vimeanza kutoa macho."

"Ilikuwa kabla ya mvua?"

"Kabla ya mvua."

Akaweka kiganja mdomoni, na kwa muda nilidhani anacheka. "Hizo zilikuwa mbegu," akasema. "Kabla ya mvua hakuna viazi vingine kwetu. Alileta mbegu ya shamba yote." Akapangusa uso kwa kitambaa chake, taratibu, upande mmoja halafu mwingine. "Na nyinyi mkafanya nini?"

"Nilivipika."

"Vilikuwa vitamu?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimdanganya Bi Rukia siku ya kwanza katika nyumba ileile, kwa kitu kidogo zaidi.

"Vilikuwa vitamu sana," nikasema.